Kifaranga katoboa ganda halafu kanyamaza, mama mkwe anasema nisiguse. Nifanyeje?

Shikamoo anti. Naomba jina langu lisitoke maana mama mkwe wangu husomewa safu hii na mume wangu, akijua ni mimi nitakosa pa kuweka uso.

Iko hivi anti. Tunaishi na mama wa mume wangu na yeye ndo mwenye bata. Amefuga toka mume wangu hajazaliwa, bata wake wanalalia wenyewe na wanatotoa vizuri tu. Mi nilipoona mayai yanazidi na majike wanaolalia hawatoshi nikanunua inkyubeta ndogo ya mezani kwa hela yangu, mama hakukataa, alisema tu haya tuone hilo sanduku lako. Tukaweka mayai yote tuliyokuwa nayo, ya hawa bata weupe wa kawaida na ya wale wakubwa wenye vinundu vyekundu usoni, yote siku moja.

Siku ya 27 tukaanza kusikia milio humo ndani ya mayai, siku ya 28 wakaanza kutoka, mtoto wangu wa kike alikataa hata kwenda kulala. Sasa kuna mmoja alitoboa katundu kadogo jioni, mdomo unaonekana, anahema, halafu akatulia. Usiku mzima hivyohivyo, asubuhi hivyohivyo. Mi nikawa nafungua mfuniko kila mara namchungulia, nataka nimbandulie japo kidogo, mama akanishika mkono akaniambia mwanangu, kifaranga aliyeshindwa kutoka mwenyewe hata ukimtoa hafiki popote, muache. Nikaacha, ningefanyaje, ni mama. Kesho yake kimya. Tulivyopasua tukakuta ule utando wa ndani umekauka, umekuwa wa kahawia na umembana mwili mzima hawezi hata kugeuza shingo, na kifaranga mwenyewe kakamilika, kitovu kimeshafunga. Alikuwa tayari anti! Ilibaki kutoka tu.

Mengine hayakutoboa kabisa. Tukangoja mpaka siku ya 31 mama akasema hayo yameharibika, zima mashine. Baadaye nikayapasua, ndani kuna vifaranga wakubwa tu wana manyoya ila kiini bado kiko nje ya tumbo, kikubwa.

Upande mwingine nina binamu yangu naye ana mashine, yeye kila anayechelewa anambandua. Alinitumia video ganda limejaa damu na kifaranga katoka kiini kinaning'inia, hakuishi. Kwa hiyo naogopa kusaidia na naogopa kutosaidia.

Sasa hivi mashine imejaa tena, mchanganyiko uleule, leo ni siku ya 19 na nikimulika kwa tochi wanacheza vizuri. Mume wangu anasema mambo ya bata asihusishwe. Mtoto kaniuliza mara ya pili hii mbona yule hatukumsaidia. Nimewaza safari hii nikimuona aliyekwama ningoje mama alale nimtoe kimyakimya, asubuhi nimwambie katoka mwenyewe. Ni vibaya anti? Na nitajuaje kama kweli kakwama?

Ni mimi, mkwe wa mwenye bata

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Nimeisoma barua yako nikaona kuna maswali mawili umeyafunga pamoja. Moja ni la yai, kifaranga akichelewa nimguse au nisimguse. Jingine ni la nyumba, bata ni wa mama, mashine ni yako, na wewe unafikiria kufanya kitu usiku halafu asubuhi useme uongo mdogo. Nitaanza na la yai maana hilo likikaa sawa, la pili linapungua ukali.

Na kabla sijafika kwa yule aliyetoboa akanyamaza, nirudi kidogo kwa wale ambao hawakutoboa kabisa, kwa sababu hapo ndo nimesimama sana. Umesema mayai ya bata wa kawaida na ya wale wenye vinundu vyekundu mliyaweka siku moja. Hao wa vinundu ndo wanaitwa Muscovy, na mayai yao hayatoki siku ya 28 kama ya bata wengine, yanachukua kama siku 35. Wewe mlizima siku ya 31, ukapasua ukakuta vifaranga wakubwa wenye manyoya ila kiini bado kiko nje. Mwanangu, kiini huingia tumboni siku za mwisho kabisa kabla ya kutoka, kwa hiyo picha unayonipa inafanana sana na kifaranga ambaye siku zake hazijafika. Sikuambii hivi ili ukalie, nakuambia kwa sababu mayai ya namna hiyohiyo yako kwenye mashine sasa hivi na bado una muda. Na kama dume wa vinundu anawapanda majike weupe, mayai ya hao chotara nayo yanakaa katikati, yanapita siku 28 bila kufika 35, kwa hiyo usishangae.

Kama uliyawekea alama ni vizuri. Kama hukuweka, mulika siku ya 25. Yale ya siku 28 utayaona yamejaa giza karibu yote na chumba cha hewa, ile nafasi tupu upande butu wa yai, kimeanza kuinama upande mmoja, ya Muscovy bado utaona mishipa na nafasi ya mwanga. Yatenge kwa penseli. Haya ya kwanza unaacha kuyageuza, yale mengine unaendelea mpaka kwenye siku ya 31 au 32 hivi. Kuyachanganya kwenye sanduku moja kuna kero yake, maana wanaotoka wanataka unyevu mwingi na waliobaki hawautaki mapema hivyo, ila siku tatu za unyevu mwingi siyo mwisho wa dunia, wakishatoka wale unarudisha chini. Wengine huweka ya Muscovy wiki moja kabla ili wote watoke pamoja, hilo ni la awamu nyingine.

Sasa yule wa katundu.

Unasema alitoboa jioni akatulia usiku kucha na asubuhi, wewe ukaona kakwama. Hapa naomba nikuulize taratibu, ulijuaje kama kakwama na siyo kwamba anapumzika? Bata siyo kuku, anachelewa zaidi. Kwanza anatoboa ule utando wa ndani na kuingiza mdomo kwenye chumba cha hewa, hapo ndo mapafu yanaanza kazi na ndo mnasikia milio. Hapo anaweza kukaa karibu siku nzima. Halafu anatoboa ganda, na toka hapo mpaka kutoka ni masaa 24 mpaka 36 kwa kawaida, hata 48 kwa wengine, na muda mwingi wa huo ukimtazama utasema hafanyi kitu. Anafanya. Ile damu iliyokuwa inazunguka kwenye mishipa ya utando inarudi mwilini, kiini kinavutwa ndani kupitia kitovu, kitovu kinafunga. Ganda linavunjwa mwisho, kazi yote ya ndani ikiisha. Ndo maana binamu yako aliona damu na kiini kinaning'inia, aliwatoa wakati hawajamaliza, na kwa mtu anayetazama kwa nje aliyekuwa hajamaliza na aliyekwama wanaonekana sawasawa kabisa.

Lakini wa kwako alikuwa amemaliza, umeniambia kitovu kilifunga. Kwa hiyo hisia yako kwamba kuna kitu hakiko sawa haikuwa ya uongo. Kilichomkwamisha, kwa maelezo yako, ni utando uliokauka, na utando huo kwa kawaida unakaukia palepale pa kufungua mfuniko. Ukifungua, unyevu unatoka kwa sekunde chache halafu unachukua muda mrefu kurudi, na yule aliyetoboa ndo anaumia zaidi maana hewa kavu inaingia moja kwa moja kwake. Mapenzi yako kwake ndo yalikuwa yanakufungulisha mfuniko, najua, kila mwenye mashine kapita hapo.

Ndo maana mimi nikiulizwa kusaidia kifaranga, kwanza nasema msaada mkubwa unafanyika wakati hakuna anayekwama. Joto 37.5 kama mashine yako ina feni, kama haina feni pima juu ya mayai na liwe juu kidogo ya hapo, 38.3 hivi. Nunua kipima unyevu, usikisie kwa kuangalia ukungu kwenye kioo. Asilimia 55 hivi siku zote, kuanzia siku ya 25 pandisha mpaka 70 au zaidi, maji unayoongeza yawe ya uvuguvugu yasiwe ya baridi. Matundu ya hewa usiyazibe kwa sababu ya kulinda unyevu, vifaranga wanaoanza kuhema wanahitaji hewa kuliko wakati wote. Na chini weka kitu kisichoteleza ili miguu isipanuke wakitoka. Basi. Halafu unafunga na unatazama kwa kioo, ambalo kusema kweli ndo gumu kuliko yote.

Ikitokea amechelewa hata hivyo, kuna vitu vya kutazama na saa peke yake haitoshi. Rangi ya utando pale alipotoboa, ukiwa mweupe na una unyevu mpe muda. Ukiwa wa njano au kahawia na mgumu, huo umekauka, hatoki mwenyewe kirahisi. Jingine, ameanza kukata ganda kuzunguka au bado? Aliyetoboa tundu moja akatulia anaweza kuwa anapumzika, ila aliyeanza kukata mstari kuzunguka halafu akasimama masaa kadhaa huyo ananitia wasiwasi zaidi, maana wakishaanza kuzunguka huwa hawakawii. Na wapo wanaotobolea upande uliochongoka ambako hakuna chumba cha hewa, wengi wao wanatoka wenyewe ila uwaangalie kwa karibu pua isizibwe. Usiwakimbilie kwa sababu tu wamekosea upande.

Tuseme sasa umeamua kugusa. Nawa mikono, chumba kiwe na joto, toa yai moja tu na usikae nalo nje muda mrefu. Lowesha kijiti cha pamba kwa maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, upake utando pembeni ya tundu, mbali na pua. Ukilowa unaona vizuri ndani. Kama kuna nyuzi nyekundu za damu, acha, rudisha, subiri masaa mengine kadhaa ndo uangalie tena. Kama hamna nyekundu lakini kifaranga anatafunatafuna mdomo kama anayepiga miayo, naye bado anavuta kiini, rudisha. Kama hamna damu na ametulia hivyo, vunja ganda vipande vidogo kuanzia kwenye tundu, fuata upande wa juu penye chumba cha hewa, usishuke chini. Ukiona tone la damu umefika mwisho wa siku hiyo, bonyeza kidogo kwa kitambaa safi na urudishe. Na hata kila kitu kikienda vizuri usimtoe mzima, ukishauweka mdomo na kichwa huru acha nusu ya chini aisukume kwa miguu yake mwenyewe, kile kitovu ndo sehemu ya mwisho kuwa tayari na wewe huioni.

Yule ambaye unamsikia analia ndani ila siku nzima imepita hajatoboa nje, wapo wanaotoboa katundu ka milimita 2 au 3 juu kabisa kwenye chumba cha hewa ili apate hewa tu, kisha wanamuacha. Kanasaidia ila kana hatari yake, hewa kavu inapita hapohapo, na ukikosea mahali unakutana na mshipa. Mchore kwanza mstari wa chumba cha hewa kwa penseli ukiwa na tochi, ukiwa hauna uhakika mstari uko wapi usitoboe.

Nikiyasema haya naona kama nakusukuma usaidie. Hapana. Kuna upande wa mama na una uzito. Kuna kifaranga anachelewa kwa sababu ana kasoro, ukimtoa unabaki na kiumbe ambaye shingo haisimami au miguu haibebi, na hapo utaingia kwenye uamuzi mwingine mgumu kuliko huu, mbele ya mtoto wako. Mama ameona hao, ndo maana anasema hawafiki popote. Ila nadhani mama anaongea kutokana na kiota. Kwenye kiota kanuni yake ni nzuri, jike analalia bila kuinuka siku za mwisho, anarudi kutoka majini ameloa, anageuza mayai mwenyewe, hakuna umeme wa kukatika wala mfuniko wa kufunguliwa. Kifaranga aliyekwama chini ya jike mara nyingi ana tatizo lake mwenyewe. Kwenye mashine anaweza kuwa mzima kabisa na tatizo likawa la sanduku. Kanuni ya mama haijakosea, imehamishiwa mahali pengine tu.

Je, mama anajua hilo? Amewahi kukaa na wewe ukamweleza mashine inafanyaje, au alisema tuone hilo sanduku lako na wewe ukachukulia hataki kujua? Nauliza tu. Barua yako yote haina mahali ambapo umemuuliza yeye kitu, na mtu aliyelea bata miaka yote hiyo ana mengi ya kuulizwa. Hata hili la vinundu kuchelewa huenda analijua kwa macho, anajua jike wa vinundu hukaa kwenye mayai muda mrefu zaidi, ila hakuwaza kwamba na mashine ni vilevile.

Njia ya usiku nimeielewa. Ina faida moja, hakuna wa kukushika mkono. Ila fikiria, utakuwa peke yako na tochi, unaharakisha usisikike, na kazi hii haraka ndo inaimwagia damu. Kifaranga akifa utakuwa na siri, akipona utakuwa na siri vilevile na mtoto ambaye huenda ameamka kukojoa akakuona. Sikukatazi, wewe ndo unaijua nyumba hiyo.

Ungeweza pia kwenda kwake kabla ya siku ya 25, hakuna kifaranga analia, hakuna mwenye hasira, ukamwambia mama mi nina wazo, tukubaliane mapema lini tunagusa na lini tunaacha. Mwambie kuhusu ule utando uliokauka, kwamba ndo ulimbana yule na kitovu kilikuwa kimefunga, kisha umsikilize. Anaweza akakataa, bata ni wake, na hapo utakuwa umebana njia ya usiku maana umeshaomba. Anaweza pia akasema mikono yangu ina uzoefu kuliko yako, lete hilo yai nilione. Wote wawili nawaona wakiwezekana kutokana na ulivyomwandika.

Na kuna kitu kidogo ambacho huenda kikakupunguzia mzigo. Kama kuna jike wa mama analalia sasa hivi, hasa wa vinundu maana wale wanajua kulea, muombe mama umuwekee jike huyo mayai machache ya Muscovy. Unayapeleka usiku akiwa ametulia, unayasogeza chini yake taratibu. Hapo mashine inabaki na ya siku 28 peke yake, unyevu unaupandisha bila kuumiza wengine, na mama anakuwa na kazi yake ndani ya jambo lako. Jike anaweza kuyakataa, wapo wakorofi, kwa hiyo usiyapeleke yote.

Mtoto mwambie mapema kwamba siyo wote watatoka. Akikuuliza tena mbona hamkumsaidia, unaweza kumwambia kweli, kwamba watu wazima mlikuwa hamjui bado anapumzika au amekwama. Watoto wanaelewa hilo kuliko tunavyodhani.

Yale ya vinundu utakayobakiza kwenye mashine, andika tarehe yake kwenye karatasi ubandike juu ya mfuniko mtu asije akazima. Halafu niandikie, nataka kujua walitoka siku ya ngapi na mama alisemaje.